Mwaka Maji Yalipopanda Kisugu

Mwezi uliopita nilikwenda Eastleigh kuwapa pole watoto wa Farah. Nilifika siku ya tatu, wageni wakiwa wamepungua, nikakaribishwa katika chumba chenye mazulia mekundu na chupa kubwa ya chai iliyonukia iliki. Binti yake wa kwanza, Sahra, alinimiminia kikombe, kisha akaniuliza mimi nilikuwa nani kwa baba yake. Nikamwambia nilifanya naye kazi Kampala, kabla yeye hajazaliwa. Akakaa chini karibu nami. "Basi wewe shangazi utajua," akasema. "Baba alikuwa akituambia aliwahi kutengeneza mashine ya kuvuta maji kwa miguu, na wanajeshi wakamshika kwa ajili yake. Sisi tulidhani ni hadithi za kutulaza tu." Nilimsimulia mpaka chai ikapoa. Nilipofika kwangu niliona afadhali niandike, maana tuliolijua jambo lile tangu mwanzo tulikuwa wanne, na wengine watatu wote wamekwishatangulia.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, Mkenya kutoka Bungoma, na nilikuwa nimeajiriwa Kampala katika duka la vifaa vya kilimo lisilokuwa na kifaa cha kilimo hata kimoja. Mwenyewe wa kwanza, Mhindi, alikuwa ameondoka na wenzake walipofukuzwa nchini. Duka akapewa sajini mmoja, sajini akampa mkewe, na mkewe, ambaye sisi sote tulimwita Mama Hawa, akanikuta mimi nimekaa nyuma ya kaunta na funguo mkononi, akaniambia niendelee kukaa. Rafu zilikuwa zimejaa maboksi matupu. Dawa zilikuwa zimekwisha ila harufu yake, ambayo ilikuwa imeingia kwenye mbao na siku za joto ilituumiza vichwa. Ukutani palikuwa na picha ya pampu ya dizeli, nyekundu, inamwaga maji mengi juu ya shamba la kabichi, na kila mkulima aliyeingia aliiangalia hiyo kabla ya kuniangalia mimi. Walikuja na vipande vya mashine mifukoni: vali iliyovunjika, washa, ile pete ya mpira, iliyoliwa, bomba la kunyunyizia dawa lenye ufa. Niliwajibu wote neno moja, hakuna. Sukari hakuna, sabuni hakuna, jembe hakuna, mbolea hakuna. Nikimkumbuka msichana yule nyuma ya kaunta, naona kwamba kilichomchosha hakikuwa njaa wala hofu, ingawa vyote vilikuwepo. Kilichomchosha ni kusema hakuna kutwa nzima.

Kila siku saa saba Mama Hawa alifungua sufuria lake tukala pamoja kwenye kaunta: mhogo uliochemshwa, au viazi vitamu na mchuzi wa karanga, na chai ya rangi bila sukari. Alikuwa mwanamke mrefu wa West Nile, huko kaskazini, aliyekulia katika kambi za jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kinachokwenda moja kwa moja bila kujali ngeli. "Wewe Mukenya," alikuwa akiniambia, "duka bila kitu ni kaburi. Mimi sitaki kukaa kwa kaburi. Tafuta kitu ya kuuza." Nyuma ya ukuta wa mbao palikuwa na mkahawa, na wakati tunakula tuliwasikia wanaume wakizungumza. Walianza kwa mpira, wakashuka kwenye bei ya chumvi, halafu sauti zikawa ndogo, na hapo tulijua wanamzungumzia mtu ambaye hakurudi nyumbani. Mama Hawa alikuwa akigonga sufuria kwa kijiko, kwa nguvu, mpaka nao wakarudi kwenye mpira. Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anawaonya. Alijua ni nani wengine waliokunywa chai pale wakisikiliza.

Nilikuwa nimepanga chumba Kisugu kwa Nnalongo, mjane aliyekuwa na kiwanja chembamba kinachoanzia barabarani na kuteremka hadi kwenye kinamasi cha mafunjo. Nnalongo ni jina la heshima la mama wa mapacha, na sikuwahi kumwita jingine. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama bustani, ndiyo maana kila asubuhi nilimwona kazini kabla sijanawa uso. Mbolea ya dukani ilipokwisha nchini, yeye hakulia. Alichimba mifereji ya kukinga mteremko, akaijaza maganda ya ndizi za matooke, majivu, majani makavu na samadi ya mbuzi wa jirani, akafunika kwa udongo na kupanda juu yake. Katikati ya mistari alitandaza mafunjo yaliyokauka ili jua lisiguse ardhi. Alipanda maharage chini ya migomba, kabichi juu ya mifereji, na mboga za nakati na dodo pembeni, na nilipomuuliza nani alimfundisha, alinishangaa. "Nani atanifundisha? Mimi naangaria tu." Watu wenye digrii wamenieleza mambo hayo baadaye kwa majina makubwa. Mimi niliyaona kwanza kupitia dirisha lile, yakifanywa na mwanamke mwenye mgongo mbovu.

Na mgongo ndio uliokuwa tatizo. Januari mvua ilipokatika, udongo wake mzuri ulianza kukauka pamoja na ule mbaya wa majirani. Maji yalikuwepo chini, hayakukauka mwaka mzima, lakini kutoka kinamasini hadi kwenye mboga ni mteremko wa kumfanya mtu apumzike njiani mara mbili, na yeye alipanda nao akiwa na debe kichwani, alfajiri na jioni. Siku moja nilimkuta ameketi katikati ya njia, debe limepinduka, maji yamekwenda. Hakuwa ameumia. "Maji iko pale chini, nnyabo," akaniambia, yaani bibi kwa Kiganda, "inaniangaria, nami naiangaria." Jioni hiyo alinipa matooke na mchuzi wa dagaa kama kawaida, lakini hakula, na nilimsikia akimwambia jirani yake kwa Kiganda kwamba atauza nusu ya kiwanja.

Wiki hiyo hiyo mkulima mmoja alinisihi nimtafutie washa Kisenyi, kwa mafundi. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Farah. Gereji yake ilikuwa uwanja wa mafuta meusi nyuma ya msikiti mdogo, umezungukwa na magari yaliyokufa kwa kukosa vipuri. Alikuwa Msomali mwembamba wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Isiolo, asiyesema neno kabla ya kulifikiria. Nilimkuta amesimama juu ya mivukuto miwili ya ngozi, anafukuta moto wa kufulia chuma: mguu wa kulia ukishuka, wa kushoto unapanda, mikono yake yote miwili iko huru na imeshika koleo. Niliangalia miguu ile kwa muda mrefu, nikasahau washa. Mtu mmoja, hana mafuta, hana umeme, na upepo haukatiki hata kidogo.

"Kaka Farah," nikasema, "kitu hiki kinaweza kuvuta maji badala ya upepo?"

Alishuka. Alichukua kipande cha makaa na kuanza kuchora kwenye bati. Alichora mabomba mawili yamesimama bega kwa bega, ndani ya kila moja pistoni, chini ya kila moja mlango mdogo wa mpira unaofunguka kwenda juu tu. Juu akachora gurudumu na kamba, ili pistoni moja ikishuka iivute nyenzake ipande. Akapitisha kidole juu ya mchoro. "Inaweza," akasema mwishowe. "Kwa nini haijafanywa?" Nilirudi dukani nikikimbia, na ni mara chache mtu alikimbia Kampala mwaka ule bila kukimbizwa.

Mashine ya kwanza ilifanya kazi vizuri sana na haikumfaa mtu yeyote. Farah alitumia mabomba marefu, kwa hiyo mbao za kukanyagia zilipanda juu hadi magotini. Yeye na mimi tuliiona nzuri. Mama Hawa, aliyekuwa amekubali kutoa mabaki ya mpira na kamba kutoka stoo, aliiona nzuri pia. Tukamleta Nnalongo Kisenyi kuiona, naye akaja amevaa gomesi yake ya Jumapili, lile vazi refu lenye mshipi mpana. Aliizunguka mara moja. Akainua mguu mmoja, akashika kitambaa cha gomesi, akaushusha. "Hapana," akasema. "Mimi mjane, nipande hapo juu, goti inaenda hivi, watu wote wa Kisugu wanaangaria? Hiyo mashine ya vijana wanaume. Lakini vijana wanaume hawateki maji." Alikuwa na haki. Siku zile serikali ilikuwa imepiga marufuku nguo fupi, na wanawake walikuwa wamepigwa barabarani kwa sababu ya magoti. Nilitazama mashine yetu nikaona tulikuwa tumemtengenezea mtu ambaye hakuwepo.

Farah hakukasirika. Alimwomba Nnalongo atembee, atembee tu, kutoka lango la gereji hadi kwenye moto, na yeye akapiga magoti na kupima kwa kijiti jinsi unyayo wake ulivyoinuka kutoka ardhini. Haukuinuka zaidi ya kiganja. "Tunataka mashine ya hatua hii," akasema. Kwa siku nne alizunguka magari mabovu akitafuta bomba fupi, pana na laini ndani, na alilipata mahali ambapo fundi wa injini angelitafuta mara ya kwanza kabisa: slivu, yale makopo mazito ya chuma ambamo pistoni za injini hukimbia. Palikuwa na lori moja limekufa nyuma ya ukuta, injini imepasuka. Akazitoa slivu mbili, akazipangusa, zikang'aa ndani kama kioo. Zilikuwa fupi kama mkono wa mtoto. Hatua ya Nnalongo haswa.

Tuliijaribu Ijumaa baada ya swala, nyuma ya gereji, bomba likiwa limetumbukizwa kwenye pipa. Mama Hawa alikuja amevaa viatu vya ngozi. Nnalongo alipanda akiwa ameshika kijiti cha kujizuia, gomesi imefika chini kama kanisani, akaanza kutembea mahali pamoja. Mara ya kwanza ilitoka hewa. Mara ya pili ikatoka hewa yenye kikohozi. Farah akamimina kopo la maji juu ya ngozi za pistoni ili zilowe, akasema, "Endelea, mama." Kisha maji yakaja, si kwa matone, yakaja mkupuo mnene kama mkono wangu, yakapita kwenye ndoo na kumwagikia viatu vya Mama Hawa, naye hakusogea. Alisimama ndani ya maji akitazama. "Hii," akasema polepole, "hii ndio kitu ya kuuza." Nnalongo hakutaka kushuka. Alitembea mpaka pipa likawa tupu, akatuuliza kwa nini hatukuleta pipa kubwa.

Nimekuwa na siku njema nyingi tangu wakati ule. Nimeolewa, nimezaa, nimejenga. Lakini furaha ya siku ile ilikuwa ya namna yake, kwa sababu kila kitu kilichotuzunguka kilikuwa kinavunjika au kinaibwa au kinanyamaza, na sisi wanne, katika uwanja wa vyuma vibovu, tulikuwa tumefanya kitu kisichokuwepo asubuhi. Usingizi haukuja kwa siku kadhaa. Nilikaa chumbani nikichora mifereji, wapi maji yaanzie, wapi yageukie, na asubuhi nilimwonyesha Nnalongo, naye alifuta nusu ya michoro yangu kwa kidole na kunionyesha ardhi yake inavyolala.

Jumatatu Farah na mimi tuliipakia kwenye mkokoteni kuipeleka Kisugu. Kwenye daraja palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Tungeweza kuzunguka, lakini tulikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hupita njia iliyonyooka. Koplo alifunua gunia, akaona slivu mbili zimesimama pamoja, akarudi nyuma hatua moja na askari wenzake wakashika bunduki. "Hii mzinga gani?" akauliza. Nikamwambia ni pampu ya maji ya mboga. Akaniuliza Kiswahili hiki nimekitoa wapi. Nikasema Kenya, na nilijuta kabla neno halijaisha, kwani siku zile magazeti yalikuwa yanatutukana Wakenya. Aliinama, akasugua chuma kwa kidole gumba, na chini ya mafuta ikatokea rangi ya kijani na namba. Lori lile, ambalo sisi tulilijua kama lori bovu tu, liliwahi kuwa la jeshi.

"Mali ya serikali," akasema koplo.

Farah alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kisha akasema, "Huyu dada ni karani wa duka. Hajui vyuma. Mimi ndiye nilitoa." Walimpandisha gari pamoja na mashine wakaelekea Makindye, kwenye kambi ya jeshi yenye gereza. Mkokoteni waliniachia. Niliusukuma mtupu mpaka dukani, na sikumbuki njia.

Siku tatu. Yeyote aliyeishi Kampala wakati ule anajua maana ya mtu kupelekwa Makindye, kwa hiyo sitaieleza. Nilimwambia Mama Hawa nikidhani atanifukuza, maana jina la mumewe lilikuwa juu ya mlango wa duka. Alinisikiliza, akafunga sufuria lake bila kula. Siku ya kwanza alimtuma mumewe, akarudi bila jibu. Siku ya pili alikwenda mwenyewe, akazuiwa langoni. Siku ya tatu alivaa kitenge kipya, akachukua kikapu cha dodo na nakati alichopewa na Nnalongo, akaingia kambini kwa mlango wa nyuma, ule wa nyumba za familia, kwa wanawake aliokua nao. Mimi na Nnalongo tulikaa dukani tumefunga mlango nusu. Nnalongo alichambua maharage yasiyohitaji kuchambuliwa.

Saa kumi walitokea wote wawili wakitembea kwa miguu. Farah alikuwa amevimba jicho moja na suruali yake ilikuwa na tope mpaka kiunoni. Nilimwekea kiti, hakukaa. "Nataka chai," akasema, "na nataka makaa ya kuchorea." Kumbe siku ya kwanza walimpiga. Siku ya pili ofisa mmoja alitaka kujua kama mashine ni kweli au uongo, akamwamuru aifunge kwenye dimbwi nyuma ya nyumba za familia, na ikaziba. Ikafunguliwa, ikatoa maji, ikaziba tena, kwa sababu ya tope. "Pale Kisugu pia ingeziba," akatuambia, akichora kwenye kaunta. "Tungeaibika mbele ya watu wote. Sasa najua. Mdomo wa bomba uwekwe ndani ya kikapu cha mafunjo kilichosukwa kwa karibu, kijazwe kokoto. Maji yapite, tope libaki." Alizungumza haraka, yeye ambaye hakuwahi kuzungumza haraka, na mstari wake ulikuwa umenyooka. Mama Hawa aliketi juu ya boksi tupu na kuvua viatu. "Wanawake wa kambi wanataka mashine nane," akasema. "Wamemwambia huyo mukubwa, kama fundi anakufa, nani atatengeneza? Yeye amechukua ile moja. Achukue. Hawezi kuchukua kichwa ya Farah, kichwa iko hapa."

Basi tulianza upya, na tulifanya kazi kama watu waliokopeshwa muda. Hatukugusa tena slivu yenye rangi ya kijani. Mafundi wengine wa Kisenyi walituletea za mabasi na malori ya pamba, wakabaki kutazama, na Farah hakumfukuza aliyetazama. Alimwonyesha kila mmoja, mara mbili, tatu. Nilimuuliza kwa nini anagawa siri, akasema kitu kinachojulikana na watu kumi hakiwezi kupandishwa gari. Mashine ya Nnalongo ilifungwa juu ya bustani, bomba limeteremka hadi kinamasini, na asubuhi ya kwanza majirani walijipanga kando ya njia. Alipanda, akatembea. Maji yakapanda Kisugu. Yalimwagika kwenye mfereji wa juu, yakageuka alipotaka yageuke, yakaingia chini ya mafunjo makavu bila kelele, na harufu ya udongo uliolowa ikaja kana kwamba mvua imenyesha kwake peke yake. Kiwanja hakikuuzwa. Mwishoni mwa Februari alikuwa na kabichi wakati soko zima la Makindye lilikuwa na majani makavu, na jioni alinipa ile ya kwanza, nzima, nikaila na chumvi tu.

Farah aliondoka kurudi Kenya mvua kubwa zilipoanza. Koplo yule alikuwa amepita gerejini mara mbili akikagua vyuma, na Farah alielewa kwamba safari ijayo atakuja na gari. Aliaga kwa kurudisha nyundo aliyoazima. Mimi nilibaki hadi Novemba, mpaka Wakenya tulipoanza kuambiwa waziwazi kwamba hatutakiwi, na Mama Hawa mwenyewe akanikatia tiketi.

Siku chache kabla ya safari nilitembea upande wa Natete kumuaga mteja wetu mmoja. Njiani, kando ya kinamasi ambacho sikuwahi kukifikia, nilisikia mlio nilioujua, lakini chuma hakimo, ni mbao zinazogongana. Niliteremka. Kikongwe mmoja alikuwa anatembea juu ya pampu isiyokuwa na slivu wala bomba. Masanduku yake yalikuwa ya mbao, yamepakwa lami kwenye maungio, na gurudumu la juu lilikuwa la baiskeli. Sisi hatukuwahi kuwaza mbao. Nikamuuliza nani alimtengenezea. "Fundi wa hapa," akasema. "Ariona kwa mtu." Nikamwomba nijaribu, akashuka na kunisimamia. Nilipanda kwa ujuzi wangu wote wa Kisenyi, naye akasonya.

"Wewe unapiga miguu kama mtu anafukuzwa," akaniambia. "Usipige. Tembea tu, nnyabo. Tembea kama unaenda kwako."

Nikapunguza mwendo. Maji yakaja mazito, yakaingia kwenye mstari wake wa nyanya, na yeye akaenda na jembe kuyafungulia njia bila kunitazama tena. Nilitembea mpaka mstari wa mwisho ukajaa, naye akaniambia nishuke, kuna wenzangu pale kando ya mfereji wanangoja zamu.